Kankali

Neno lenyewe ni kankali.
Litamke polepole, koo lijifunge mara mbili,
kama meno ya mtu aliyetoka mtoni Januari.
Ni la Kijojia. Huko Pasanauri, kwenye milima ya Kaukazi,
inapokutana mito miwili ya Aragvi,
mmoja mweupe, mmoja mweusi,
na kukataa kwa muda kuchanganyika,
kila mtoto analijua kabla hajajua kufunga viatu.

Sisi tungehangaika kuchagua:
mwenye baridi anatapa, mwoga anagwaya,
mwenye homa anatetemeka mpaka kitanda kinalia.
Wao wamevitia vyote kapu moja.
Mbwa aliyenyeshewa: kankali.
Bwana harusi akiinua pembe ya divai: kankali.
Mwali wa mshumaa, mlango wa kanisa ukifunguliwa: kankali.

Na mkono wa kulia wa Pikria.

Ulianza na kidole gumba,
mwaka ule theluji ilipofunga barabara hadi Pasaka.
Akadhani ni kahawa. Akaacha kahawa.
Akadhani ni kinyongo juu ya mkwewe.
Akamsamehe mkwewe;
kidole hakikusamehe.

Sasa, Pikria ni mpishi wa khinkali:
donge la nyama lililovikwa unga, likakunjwa juu
marinda kumi na tisa, si kumi na nane,
yakabanwa pamoja yawe kikonyo cha kushikia.
Miaka thelathini na minne, dirishani pa mgahawa wa Zakro,
madereva wa malori yaendayo Urusi walisimama
kuvitazama vidole vyake tu, chai ikipoa.
Khinkali, kankali. Herufi chache zimeyatenga,
ukuta wa karatasi baina ya majirani wasiopatana.

Akaanza kuficha.
Mkono ndani ya aproni. Mkono chini ya kilo ya unga.
Mkono nyuma, kama mwanafunzi aliyeiba chaki.
Daktari wa Tbilisi alimpa neno jingine, tremori,
limevaa koti jeupe.
Akalikunja pamoja na risiti ya basi, hakulitumia tena.
"Hilo ni la wagonjwa," alisema.
"Mimi nina kankali tu. Kama mbwa. Kama bwana harusi."

Alhamisi moja mjukuu wake Otia alikuja na daftari:
mwalimu ametaka neno moja, sentensi tano.
Nne ziliandikika upesi, baridi, woga, jani, mshumaa.
Ya tano akakwama, akatafuna penseli,
akamtazama bibi akipigana na rinda la nane,
la tisa, nyama ikichungulia ubavuni.
Akaandika: Kankali ina bibi yangu.

Bibi akasoma. "Umegeuza. Ni bibi ana kankali."
"Hapana," mtoto akasema.
"Ungekuwa nayo wewe, ungeiweka chini."

Pikria hakucheka.
Akajifuta uso kwa kiganja kile kile
kikampaka unga mpaka sikioni.
Akavuta kiti. "Kanawe mikono."
Akamwekea duara la unga kiganjani,
akaufunika mkono mdogo kwa wake,
na kankali ikatoka kwake ikaingia kwa mtoto,
jinsi lori likipita barabarani
vikombe kabatini vinavyoitikia.

Wakakunja. Rinda la tano lilipasuka,
wakalibandika kwa mate, dhambi jikoni mwa Zakro.
Mtoto akahesabu kwa sauti. Kumi na saba,
moja limelala ubavu kama mlevi.

Likachemka. Halikuvuja.

Zakro akachungulia, akauliza hili limekunjwa na nani.
Hakujibiwa. Pikria alikuwa anatafuta pilipili manga,
Otia amerudi kwenye daftari lake,
ufutio mkononi,
juu ya sentensi ya tano,
kisha akauweka kando.